Faini ya Mwendo Hailipwi kwa Magwanda

Yako mazoea yaliyoota mizizi katika barabara zetu kuu, nayo sharti yasemwe bila kufichwa. Kijana aliyevaa magwanda, au aliyeyavua akayatundika penye kiti cha nyuma ili yaonekane, husimamishwa na askari wa trafiki kwa kosa la kuzidisha mwendo. Kabla hajaulizwa leseni ya udereva, amekwisha kutoa kitambulisho cha jeshi. Kitambulisho kisipofua dafu, hutoa simu, akampigia mkubwa wake kambini, kisha akamnyooshea konstebo simu hiyo dirishani na kumwambia, "Ongea na afande." Konstebo naye ni kijana, cheo chake kidogo, na sauti itokayo katika simu ni sauti iliyozoea kutiiwa. Aghalabu hukifunga kitabu chake cha hati, akampungia dereva mkono aende zake. Abiria wa basi lililosimamishwa nyuma wameyaona yote hayo kwa macho yao.

Twapenda kusema na vijana hao, na zaidi twapenda kusema na hao wanaopokea simu.

Ieleweke kwanza hati hiyo ni kitu gani, maana wengi huikasirikia bila kuisoma. Chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1998, dereva aliyevunja sheria angeweza kupelekwa mahakamani. Faini ya papo hapo iliwekwa ili kumpunguzia safari hiyo. Anapewa hati, anapewa siku 28, analipa benki katika hesabu ya Mamlaka ya Mapato, na shauri limekwisha. Akiona hakutenda kosa, haki ya kusikilizwa na hakimu hakunyang'anywa. Kwa hiyo hati si tusi, wala si hukumu juu ya utu wa mtu, sembuse dharau kwa jeshi zima. Ni karatasi inayomwambia dereva kwamba mahali fulani, saa fulani, gari lenye namba fulani lilipita kwa mwendo fulani mahali paruhusupo mwendo fulani.

Kijana anayeipokea kwa mara ya kwanza na ayasome mambo hayo manne au matano hapo hapo, kabla ya kuondoka. Namba ya gari ni yake? Mahali palipotajwa ndipo alipokuwa? Aombe kwa adabu kuonyeshwa tarakimu iliyo katika kifaa cha kupimia mwendo. Kuomba hivyo si ubishi, na konstebo anayeijua kazi yake hatachukia. Kisha alipe mapema, aihifadhi risiti. Fedha haziwekwi mkononi mwa askari aliye barabarani hata mara moja, hata akiahidi kuzifikisha mwenyewe. Hapa tuseme wazi na ndugu zetu wa polisi: konstebo anayepokea shilingi 20,000 ili asiandike faini ya 200,000 hakumhurumia mtu. Ameuza kitu kisicho chake, tena amemfundisha kijana bei ya sheria, na kijana huyo atakuja na bei hiyo mfukoni kila apitapo njia ile.

Hatukatai kwamba shilingi 200,000 ni mzigo. Kwa askari wa cheo cha chini, mwenye karo za wadogo zake na kodi ya chumba cha mkewe, ni fedha za kukosesha usingizi. Kilio hicho kilisikika nchi nzima mwezi Juni 2025, mfumo wa kamera za kutoza faini ulipoanza kazi. Aliyezidisha mwendo kwa kilomita 1 hadi 30 alitozwa 200,000. Aliyepita hapo alitozwa 600,000. Na muda wa kulipa ulikuwa saa 72 tu. Malalamiko yakawa mengi, hasa juu ya sehemu za mji zilizowekewa kilomita 30 kwa saa, na mwezi huo huo Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ikausimamisha mfumo ili utazamwe upya. Waziri aliyetangaza hayo, Jenerali Katumba Wamala, amepata kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi na baadaye Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi. Manung'uniko ya barabarani anayajua kwa pande zote mbili.

Lakini kamera ilitufundisha jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Kamera haioni magwanda, wala haipokei simu ya afande. Inasoma namba ya gari, na deni linamwendea mwenye gari. Vijana wangapi huazima gari la kaka au la shemeji kwa likizo ya siku tatu, wakaenda nalo mbio hadi kijijini, wakalirudisha limeoshwa vizuri? Deni likiandikwa, jina lake ni la kaka. Kijana mwenye heshima hamwachii mwenye mali kugundua mwenyewe. Humwendea, akamwambia, "Kaka, siku ile nilikuwa mimi," akatoa fedha zake.

Sasa tuje kwenye mwendo wenyewe, maana faini imekuwa ikizungumzwa kana kwamba ndiyo ajali. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa linakata karibu mita 28 kila sekunde. Askari aliyefundishwa shabaha anazijua mita 28, amezipima kwa hatua zake uwanjani. Dereva akishtuka na kuchelewa sekunde moja tu kabla ya kugusa breki, mita hizo zimekwisha kupotea. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, umbali unaohitajika kulisimamisha gari kwa breki huongezeka mara nne. Hesabu hiyo haibadiliki kwa ujasiri wa dereva wala kwa upya wa matairi.

Na faida ni nini? Chukua safari ya kilomita 130, ambayo ni kadiri ya umbali wa kutoka Kampala hadi Masaka. Kwa kilomita 100 kwa saa itachukua dakika 78. Kwa kilomita 130 kwa saa, mwendo wa kujivunia mbele ya rafiki, itachukua dakika 60. Zimeokolewa dakika 18, na hizo ni za kwenye karatasi, maana njia haikunyooka wala haiko tupu. Anayerudi Kampala jioni hukaa zaidi ya dakika hizo katika msongamano wa Kyengera na Busega, akitazama namba za nyuma za lori alilolipita kwa fujo huko Mpigi. Tena katikati ya njia hiyo ipo Lukaya. Kila dereva anapajua Lukaya: wachuuzi wenye mishikaki, mapaja ya kuku na gonja hukimbilia kila gari linaloonyesha dalili ya kusimama, na wengi wao ni vijana wa umri ule ule wa dereva wetu. Anayepita hapo kwa kilomita 90 ameamua kwamba hakuna hata mmoja wao atakayeteleza.

Polisi waliandika vifo 4,806 vya barabarani mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Hiyo ni idadi ya vikosi kadhaa kamili, na hapakuwa na adui. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba hakuna kiuacho watu wengi wa umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali za barabarani. Ndio umri wa makuruta wetu na makonstebo wetu wapya.

Liko jambo la magari ya serikali, nalo ni zito kuliko yote tuliyosema. Dereva wa jeshi au wa polisi haendi mbio kwa starehe yake kila mara. Aghalabu aliyeketi kushoto, mwenye nyota mabegani, amechelewa kutoka nyumbani, naye asema, "Kanyaga mafuta." Dereva hukanyaga. Wakisimamishwa, afisa huteremsha kioo, akamkemea konstebo kwa kuwazuia watu walio kazini. Gari likipata ajali, afisa huandika taarifa kwamba dereva hakuwa mwangalifu. Ni haki gani hiyo? Dharura ya kweli ina taa zake na king'ora chake, na hata hiyo haimwondolei dereva wajibu wa kuwatazama waendao kwa miguu. Amri ya kufika saa nne si amri ya kwenda kilomita 130. Ni amri ya kuondoka mapema. Afisa aliyeagiza mwendo aliandike jina lake katika daftari la safari, na faini ikija, aitoe mfukoni mwake bila kumtazama dereva.

Na mkubwa anayepigiwa simu kutoka barabarani anayo majibu mawili tu. Anaweza kumwambia konstebo amwachie kijana, na kuanzia dakika hiyo amechukua dhamana ya kila atakachokifanya kijana yule kwa gari lile mwaka mzima. Au anaweza kuuliza, "Ulikuwa ukienda kilomita ngapi?" kisha akasema, "Chukua hati, uniletee niione kesho asubuhi." Jibu la pili halimpotezei heshima kwa konstebo. Tumesikia makonstebo wakiwataja kwa majina maafisa waliojibu hivyo, tena wakiwataja kwa sifa.

Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na katika kambi ndicho tunachopeana nacho amri na habari. Ingefaa basi maafisa usafirishaji waichukue hati moja ya faini, waisome na kuifafanua kwa Kiswahili mbele ya madereva wote, mstari kwa mstari: palipoandikwa kosa, palipoandikwa mwendo, palipoandikwa siku ya mwisho ya kulipa. Saa nzima haitapita. Siku nzuri ya kufanya hivyo ni Ijumaa, kabla ruhusa za mwisho wa juma hazijatiwa sahihi.