Uvira: Tone la damu linaweza kusafiri, lakini majibu yatarudi lini?

Nchini Kongo, mtoto wa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi huchomwa kisigino akiwa na umri wa takriban wiki sita. Matone machache ya damu huwekwa kwenye karatasi maalumu, huachwa yakauke, kisha karatasi hupelekwa maabara. Tangu miaka ya 1960, Marekani na Ulaya hutumia karatasi ya aina hiyo hiyo kutafuta magonjwa ya kurithi ambayo mtoto anayezaliwa Kilibula, mjini Uvira, hapimwi. Kongo haina mpango wa kitaifa wa kuwapima watoto wote wachanga.

Ni magonjwa ambayo mwili hukosa kimeng'enya cha kuvunja asidi amino fulani, yaani vipande vinavyounda protini. Linalojulikana zaidi ni fenilketonuria, lililogunduliwa na daktari Asbjørn Følling wa Norway mwaka 1934. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, lakini asidi amino iitwayo fenilalanini hujikusanya katika damu na kuharibu ubongo taratibu. Ulaya humpata mtoto mmoja kati ya takriban 10,000. Kusini mwa Sahara ni nadra zaidi. Lakini yako mengine. Katika ugonjwa ambao mkojo hunukia kama sukari iliyoungua, ni lusini inayopanda, na mtoto anaweza kufariki ndani ya wiki chache. Pasipo kipimo, kifo cha namna hiyo ni rahisi kuandikwa kuwa homa ya kawaida.

Kupima mara moja hakutoshi

Kugundua ugonjwa ni mwanzo tu. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 unataka mtoto mwenye fenilketonuria apimwe damu kila wiki katika mwaka wa kwanza, kila wiki mbili hadi miaka 12, kisha kila mwezi. Hadi umri huo, fenilalanini inapaswa kubaki kati ya mikromoli 120 na 360 kwa lita. Ikizidi, ubongo unaumia. Ikipungua mno, mtoto hakui. Kipimo ndicho kinachomwambia mzazi ale nini na kiasi gani.

Hapo ndipo mazingira ya Uvira yanapofanya jambo kuwa gumu. Ugali wa muhogo una protini kidogo na ungemfaa mtoto huyo, lakini ndakala, maharage na nyama vingepaswa kupunguzwa sana, na pengo lake kuzibwa na maziwa maalumu yasiyo na fenilalanini. Akipata malaria, au kipindupindu ambacho kimezoea mji huu, mwili huanza kula misuli yake wenyewe na asidi amino hupanda ghafla hata kama hajala chochote. Akikonda, atapewa lishe ya tiba ya karanga na maziwa. Kwa watoto wengi chakula hicho huokoa maisha. Kwake yeye, bila kipimo, kinaweza kuongeza sumu.

Barabara na mashine

Mashine inayosoma asidi amino nyingi kutoka tone moja ni ghali, na inahitaji umeme usiokatika na mafundi waliosomea. Kuileta Uvira leo si jibu. Karatasi inaweza kusafiri. Shida ni njia ya kurudisha majibu kabla hayajapitwa na wakati. Goma iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025, Bukavu Februari mwaka huo huo, na Desemba 2025 waasi hao wakaingia Uvira yenyewe. Kipimo cha kila wiki hakiwezi kusubiri vita vitulie.

Pa kuanzia papo: selimundu, ugonjwa ambao Wakongo wengi wanauita SS. Nao ni wa kurithi, nao hupatikana kwa tone la kisigino, na si nadra hata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwapima watoto wachanga 31,204 mjini Kinshasa, na asilimia 1.4 walikuwa na SS. Wakigunduliwa mapema, penisilini na chanjo huokoa wengi. Njia itakayobeba karatasi za SS kutoka Kilibula hadi maabara, na kurudisha majibu kwa mama, ndiyo itakayobeba kesho vipimo vya asidi amino. Bila njia hiyo, mashine itakaa bure.

Kwa sasa, silaha iliyopo ni historia ya familia. Wazazi wote wawili wakibeba hitilafu hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Mama aliyewahi kumpoteza mtoto aliyezaliwa mzima kisha akaacha kunyonya na kulegea ndani ya siku chache anapaswa kumwambia muuguzi kabla ya kujifungua tena, na muuguzi anapaswa kuyaandika maneno hayo.