Tuwafunze wanafunzi kusoma matope ya bahari

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba historia ya pwani yaanzia katika magofu ya Gedi na kuta za Fort Jesus. Iko historia kongwe zaidi, iliyohifadhiwa katika matope ya bahari, nao waisomao miongoni mwetu ni wachache mno.

Historia hiyo imebebwa na foraminifera, viumbe wa chembe moja ambao wengi wao ni wadogo kama punje ya mchanga. Hujijengea magamba, aghalabu ya chokaa, na wafapo magamba husalia matopeni hata yakawa visukuku. Wako wanaoishi kwenye mikoko, wako wa miambani, na wako wa vilindini. Wengine hukaa sakafuni mwa bahari, wengine huelea. Karibu na ufuo, wa sakafuni ndio wengi. Kadiri kina kiongezekavyo, ndivyo waeleao wanavyowazidi. Mtaalamu akiyahesabu magamba ya tabaka moja la udongo, aweza kukadiria kina cha maji ya zama hizo.

Mfano hauko mbali. Huko Kilwa na Lindi, nchini Tanzania, mna udongo wa mfinyanzi wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 34. Leo ni nchi kavu, lakini visukuku vyake vyashuhudia kwamba ulitua chini ya bahari yenye kina cha mamia ya mita.

Makadirio hayo si msahafu. Mikondo huweza kuyahamisha magamba, na jamii nyingine za kale hazipo tena tuzilinganishe. Ndiyo sababu hesabu hii yahitaji macho mengi, yakiwamo yetu.

Miaka 20,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa chini ya kiwango cha leo kwa mita 120 hivi. Sasa inapanda tena, na Mombasa ni kisiwa. Foraminifera wa mikokoni, waishio kati ya maji kujaa na kupwa, ni kipimo chema cha mwendo wa bahari ya jana. Je, tungoje wageni watusomee?

Walimu wa biolojia na jiografia na washirikiane. Mchanga wa pwani haununuliwi. Hadubini ya shule, au hata kioo kizuri cha kukuzia, hutosha kuonyesha magamba makubwa. Mwanafunzi ayahesabu ya ufuoni na ya mikokoni, ayalinganishe, kisha aeleze tofauti aliyoiona.