Siku Moja ya Watu Wawili



Liko neno ninalolisikia mara kwa mara jumuiyani, kwamba safari ya matembezi ni mambo ya Wazungu. Mume na mke wa kwetu, wanasema, husafiri kwa sababu: kuna msiba, kuna harusi, kuna mgonjwa, au kuna mtoto wa kupelekwa shule. Kufunga mzigo na kuvuka mpaka ili kutazama pango na magofu ya kale, tena wawili tu, bila watoto wala ndugu, huonekana kuwa ni anasa. Juma hili napenda kulipinga neno hilo, nami nalipinga nikiwa hapa hapa Tanga, mji ambao watu husema ndiko mahaba yalikozaliwa, ingawa wengi waliofunga ndoa humu hawajapata kuuona wakiwa pamoja.

Miezi michache iliyopita walitufikia mume na mke kutoka Mombasa, waliokuwa likizoni. Kutoka kwao hadi kwetu ni chini ya kilomita 200, kwa njia ya Lunga Lunga na Horohoro, lakini ni nchi nyingine, na hakuna aliyewajua. Wamekaa katika ndoa miaka 11 bila kujaliwa mtoto. Walikuja parokiani kuuliza saa za Misa, tukanywa chai, wakanisimulia siku yao. Wameniruhusu kuieleza bila majina.

Walianza na mapango ya Amboni, yaliyo kama kilomita 8 kaskazini ya mji. Wengi wetu tumepita kando ya njia ile tukielekea mpakani bila kugeuza shingo. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yaliyochimbwa na maji kwa muda usiohesabika. Wazee walisema yanafika hadi Mombasa. Wapimaji wa mwaka 1994 walikuta kwamba pango refu kuliko yote waliyoyapima lina mita 900 tu, lakini uvumi haukufa, na nadhani hautakufa, kwa kuwa mtu akiwa gizani hawezi kuamini kwamba mita 900 ni chache.

Kiongozi alitangulia na tochi. Penye kuinama waliinama, na penye kupita mmoja mmoja mume alipita kwanza, kisha akanyosha mkono nyuma. Wakafika mahali ambapo watu huacha vitu vyao vya tambiko. Kiongozi akaeleza, kama aelezavyo kwa kila mgeni, kwamba watu huja pale kuomba, na kwamba wengi huomba mtoto. Mke hakusema kitu. Mume naye hakusema kitu. Nyumbani kwao, neno hilo likitoka kinywani mwa shangazi au jirani, mmoja huinuka akaenda jikoni na mwingine hufungua redio. Pangoni hakuna jikoni. Walisimama pale, bega kwa bega, mpaka kiongozi alipomaliza maelezo yake.

Walipotoka juani waliketi chini ya mti, karibu na mto Mkulumuzi, na hapo mume akamwuliza mkewe kama huumia, na huumia namna gani. Katika miaka 11 hakuwahi kumwuliza. Waliondoka pale adhuhuri imekaribia.

Najua yupo msomaji atakayeuliza kwa nini padre anawasifu watu walioingia mahali pa mizimu. Hawakwenda kutambika, walikwenda kutazama. Hata hivyo siwezi kumcheka mwanamke aliyeacha kitu chake pale. Nayajua maneno aliyoyasikia nyumbani kabla ya kufika huko, na mengine husemwa na watu wetu wenyewe, tena baada ya Misa.

Mume alikuwa ameandika safari yote kwenye karatasi: mapango, kisha chemchemi za maji ya moto, kisha magofu ya Tongoni, kisha Pangani na mashua ya kwenda kisiwa cha Maziwe. Mtu yeyote aijuaye njia angemwambia kwamba siku moja haitoshi. Kwa kuwa walikuwa wameketi sana mtoni, waliwahi Tongoni tu. Nami nasema kwamba huo ndio mwendo unaofaa. Wako wanaotoka matembezi wakiwa na picha 200 na bila neno moja waliloambiana.

Tongoni iko kama kilomita 20 kusini ya mji, kwa njia ya Pangani. Pana gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi ya karne ya 14 na ya 15, na mengine yalijengewa nguzo ndefu. Inasemwa hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki penye makaburi ya nguzo mengi kama pale. Nguzo nyingi zimeanguka, na mabakuli ya kigeni yaliyopambia baadhi yake yameacha vishimo vitupu. Ni katika maji ya upande ule ambako Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwezi Januari 1499, aliichoma moto merikebu yake mwenyewe, São Rafael. Maradhi yalikuwa yamewaua mabaharia wengi mno, na waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Yule mama aliniambia kwamba pale makaburini alicheka, kicheko cha kwanza cha siku ile. Aliuliza waliozikwa ni akina nani, akaambiwa kwamba kwa wengi wao hakuna jina lililobaki. Akasema moyoni, kumbe hata hawa waliojaliwa wana na wajukuu! Katika pwani yetu mke huitwa Mama Fulani na mume Baba Fulani, na hawa wawili hawana jina hilo la kuitana. Siku ile, alisema, mumewe alimwita kwa jina lake la ubatizo, kama zamani za uchumba.

Sasa nirudi kwa wale wasemao anasa. Sisi tunaunda kamati za harusi, tunakaa vikao miezi mitatu, tunachangisha kwa kadi na kwa simu, na mamilioni yanaisha kwa jioni moja ya ukumbi, keki na muziki. Hatuoni haya. Lakini mume na mke wale wale, miaka 11 baadaye, wakitumia nauli na kiingilio cha pangoni, tunawaita wafujaji. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwahimiza wanandoa kupeana muda na kusikilizana kwa subira. Mimi ninazijua nyumba zetu. Ni chache ambamo mume na mke hupata saa nzima bila mtu kubisha hodi, na ndiyo maana nasema hata kuvuka mpaka kuna faida yake. Ugenini hakuna mwenyekiti wa kukuita kikaoni.

Nasi wa Tanga mpaka huo huo ni wetu. Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hutazamwa kwa nusu siku, na jioni mtu hukaa ufukweni. Asiye na hati ya kusafiria wala nauli ya Mombasa, Amboni ni safari ya gari dogo la abiria na mwendo wa miguu.

Wageni wetu wamesema watarudi kwa ajili ya Maziwe. Nimewaonya kwamba kisiwa kile sasa ni fungu la mchanga, na maji ya bamvua yakijaa hulifunika lote, hata mayai ya kasa huhamishiwa pwani ya Ushongo ili yasizame. Basi wafike Pangani mapema, wawaulize manahodha maji yanapwa saa ngapi, na wachukue kofia. Miti yote iliyokuwa kisiwani ilikwisha tangu miaka ya 1980, na kivuli hakuna.