Gari la kitambo si mkweche: Kenya ijue tofauti mapema

Kila Concours d'Elegance inapofanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, hujaa magari ambayo mengi yanawazidi umri watu waliokuja kuyapiga picha. Maonyesho hayo yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo yalianza mwaka 1970, na majaji hukagua gari kuanzia rangi ya bodi hadi uvungu wake.

Ila jaribu leo kuagiza gari la umri huo kutoka nje kwa njia ya kawaida. Halitaingia. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka minane. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliyoruhusiwa ni yale yaliyosajiliwa mara ya kwanza kuanzia mwaka 2018.

Maana yake ni nini? Magari ya kitambo yaliyopo Kenya ni kama maji ya kisima kisicho na chemchemi. Kila moja likiuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, limekwenda. Yanayoweza kuongezeka ni yale tu yanayozeekea hapa hapa: Peugeot ya babu, Datsun ya mjomba, au Corolla ya miaka ya 90 inayonyeshewa nyuma ya nyumba.

Sheria ina sababu zake

Tuwe wa haki. Kikomo cha miaka minane hakikuwekwa kuwakomoa wapenda magari. Gari kuukuu linalokimbia barabarani kila siku hutoa moshi mwingi, na breki zikichoka huua. Majirani nao wamefuata njia inayofanana: Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yenye miaka 15 na zaidi kuingizwa nchini, na Tanzania haifungi mlango lakini hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi miaka minane.

Shida ni kwamba sheria hizi zinaangalia jambo moja tu, yaani umri. Hazitofautishi basi bovu linalobeba abiria siku saba kwa wiki na gari la mwaka 1968 linalotolewa gereji Jumapili moja kwa mwezi.

Swali hili linazidi kuwa la sasa. Mwaka 2025 mamlaka ya usafiri, NTSA, ilileta mapendekezo ya kanuni zinazotaka magari binafsi yaliyopita miaka minne nayo yafanyiwe ukaguzi wa lazima. Ukaguzi ni jambo jema. Lakini ukilipima gari la 1968 kwa kipimo cha moshi cha gari la 2018, hata likiwa zima kabisa litafeli. Mwenye gari akichoka na usumbufu, anampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu.

Wenzetu wamefanyaje?

Uingereza gari likifikisha miaka 40 linaweza kusajiliwa kama gari la kihistoria. Halilipi kodi ya barabara, na London haliguswi na tozo ya pauni 12.50 kwa siku ambayo tangu Agosti 2023 inatozwa jiji zima kwa magari yanayochafua hewa. Matokeo yake yanachekesha kidogo: gari la 1975 linapita bure, la dizeli la 2012 linalipa.

Tena tangu Mei 2018 magari mengi ya umri huo hayalazimiki hata kufanyiwa ukaguzi wa kila mwaka. Hapo Waingereza wamelegeza mno. Mpira wa breki ukioza, hauulizi kama gari ni la kihistoria.

Ujerumani wana njia inayoshawishi zaidi. Gari la miaka 30 na kuendelea linaweza kupewa namba yenye herufi H mwishoni, lakini umri peke yake hautoshi. Lazima mtaalamu alikague na kuridhika kuwa ni zima na halijapotezwa asili yake. Likipita, linaruhusiwa hata kwenye maeneo ya miji yanayozuia magari ya moshi. Mkweche haupiti, gari lililotunzwa linapita. Hapo ndipo Kenya ingeweza kuchota: kundi la usajili la magari ya kitambo, lenye ukaguzi wake linalolifaa, na matumizi yenye mipaka.

Si mchezo wa matajiri tu

Wengine watasema haya ni mambo ya wenye nazo. Si kweli yote. Gari la kitambo halina kompyuta ya kuchomeka. Linahitaji fundi anayesikia kabureta kwa sikio, na fundi wa bodi anayeweza kukunja bati likarudia umbo lake. Spea ikikosekana Kirinyaga Road, inachongwa jua kali. Ujuzi huo unalisha familia, na unakufa pale magari yenyewe yanapokwisha.

Halafu kuna historia. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika. Peugeot 504 ilishinda mwaka 1975 na tena 1978, na wengi wetu tunaijua kama gari lililobeba wazazi wetu kwenda nyumbani mashambani. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa Mombasa. Hizo si gari za kigeni tena. Ni sehemu ya kumbukumbu yetu.

Unataka kulitoa lako?

Kama kuna gari la kitambo kwenu na unafikiria kulipeleka kwenye mkutano wa klabu wikendi, usianze na rangi. Anza na haya:

• Tairi. Zinaweza kuonekana mpya na zikawa zimezeeka. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya namna hiyo usiende nayo barabara kuu.

• Breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hata gari likiwa limesimama. Mwaga, weka mapya, na mwambie fundi aangalie mipira yote.

• Petroli. Iliyokaa tangini miaka huganda na kuziba kabureta. Safisha tangi kwanza. Kumbuka pia injini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, iliyoondolewa kwenye vituo vya eneo letu kufikia 2006. Muulize fundi kuhusu viti vya valvu.

• Bima. Kampuni ikilihesabu kama gari la kawaida, thamani yake karatasini ni karibu na sifuri. Omba mkubaliane thamani kabla, kwa maandishi na picha.

• Kizima moto. Mipira ya mafuta ya miaka 40 hupasuka bila taarifa. Kiweke karibu na kiti, si ndani ya buti.

Ukifika, zungumza na wenye magari. Utaondoka na namba za mafundi na watu wenye spea ambazo hakuna duka litakuuzia. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mikutano hii kuliko kikombe.

Serikali ina haki ya kudai barabara salama na hewa safi. Lakini kwa kuwa mlango wa bandari umefungwa, magari yaliyobaki ndiyo haya haya. Kanuni mpya zikiandikwa bila kuyataja, hakuna atakayelazimika kuyapiga marufuku. Yataondoka yenyewe, moja moja, juu ya mizani ya vyuma chakavu.