Kitabu cha Ndege Kiwe Chetu

Katika milima ya Usambara, upande wa Korogwe, iko misitu ambayo wageni husafiri maelfu ya maili kuja kuitazama. Hawaji kuwinda. Huja na darubini machoni na kitabu mkononi, wapate kuwaona ndege wasiopatikana ila hapa na mahali pachache sana penginepo. Msitu wa Hifadhi wa Nilo, ulioko Korogwe na Mkinga, ni mmoja wa misitu hiyo.

Sisi twauliza: kitabu hicho ni cha nani? Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza, na bei yake haiwezekani kwa mfanyakazi wa shamba la mkonge.

Mwingereza Reginald Moreau alianza kazi Amani mwaka 1928, akaandika mengi juu ya ndege wa Usambara. Mwaka 1931 ndege mmoja mdogo wa misitu hiyo alipewa jina lake. Lakini aliyekuwa akiingia msituni kumtafutia ndege alikuwa Mwafrika, Salimu Asmani. Ni wangapi kati yetu wamjuao Salimu? Jambo hilo lisirudiwe.

Wako watakaosema kwamba ndege hawajazi tumbo. Twawajibu kwamba msitu bila ndege haudumu. Mabwana Norbert Cordeiro na Henry Howe walichunguza misitu ya Usambara Mashariki, na mwaka 2003 wakaonyesha kwamba katika vipande vya msitu vilivyotengwa, ndege wabebao mbegu ni haba, na miche ya mti waliouchunguza ni haba vilevile. Msitu ukifa, vijito vinavyoulisha Mto Pangani navyo vitadhoofika. Na maji ni tumbo la kila mtu.

Kwa hiyo yafaa Halmashauri za Korogwe na Handeni, pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu, zitoe kitabu kidogo cha bei rahisi, kwa Kiswahili, chenye picha, na majina ya Kizigua na Kisambaa. Waulizwe wazee, warina asali na wachunga ng'ombe. Mrina asali wa Handeni amjuaye yule ndege amwongozaye mtu hadi kwenye nyuki ni mwalimu tosha. Na jina lake liandikwe kitabuni. Mahali pa viota pasitajwe, wasije wategaji wakakitumia kama ramani.

Lakini kitabu peke yake hakitoshi. Mtu achomaye makaa hufanya hivyo kwa sababu ana watoto wa kulisha. Kumhubiria habari za ndege bila kumpa kazi ni kumdhihaki. Vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wafundishwe kuwaongoza wageni, walipwe ujira wa haki, na sehemu ya ada irudi kijijini ikajenge madarasa.

Mali isiyo daftari huisha bila habari. Tuwaandike ndege wetu wangali wakiruka.