Uwanja wa Shule si Kiwanja cha Kujengea



Wapendwa waamini, wiki hii tunaomba tuzungumze juu ya ardhi. Si ardhi ya mirathi, ambayo imekwisha kutuletea kesi za kutosha, bali kile kipande cha vumbi kilichopo kati ya madarasa na barabara, ambapo watoto hucheza wakati wa mapumziko.

Apitaye Mbagala, Tandika au Tandale hujionea jinsi nyumba zilivyobanana. Ua ni wa wapangaji wote, umejaa ndoo, majiko ya mkaa na kamba za nguo. Mtoto akirusha mpira hugombezwa. Akitoka nje hukutana na bodaboda. Kwa mtoto huyo, uwanja wa shule ndio mahali pekee pa kukimbia bila hofu.

Hata hivyo, nafasi hiyo inabanwa. MMEM ulipoanza mwaka 2002, na tena elimu bila malipo ilipokuja mwaka 2016, wanafunzi waliongezeka mno, na madarasa yakahitajika. Hilo hatulilaumu. Kinachotutia shaka ni hoja ya kujenga fremu za maduka ukingoni mwa uwanja, eti shule ijitegemee. Hata katika vikao vyetu vya parokia hoja hiyo haikosi mtetezi. Fremu huleta kodi kila mwezi, ilhali mchezo wa watoto hauandikiki katika daftari la mweka hazina.

Lakini faida ipo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mwenye umri wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili hasa, kwa ajili ya moyo, mifupa na utulivu wa akili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yatambua haki ya mtoto kushiriki michezo. Zaidi ya hayo, katika rede binti aliye mkimya darasani husikika akicheka. Katika chandimu, isiyo na refa, mkaidi hulazimika kukubali goli la mwenzake. Na mwalimu makini humtambua uwanjani mtoto mwenye majonzi au njaa, kwani darasani wote wamekaa kimya. (Wanaofuta mapumziko kwa ajili ya tuisheni walitafakari hili.)

Mtakatifu Yohane Bosco alilijua jambo hili. Huko Torino, Italia, yeye na vijana wake walifukuzwa huku na huku kwa sababu ya makelele. Mwaka 1846 waliondolewa hata katika shamba la ndugu wa ukoo wa Filippi, kwa kuwa walikanyaga nyasi hadi mizizini. Pasaka ya mwaka huohuo walihamia banda la Pinardi, Valdocco: banda likawa kikanisa, na ardhi iliyolizunguka ikawa uwanja. Hakungoja kanisa kubwa likamilike ndipo auwazie mchezo. Vyote viwili alivipata pamoja.

Basi, hoja ya fremu ikiletwa katika kikao cha wazazi wa shule iliyo jirani na kanisa letu, tunaomba muulize kabla ya kusaini muhtasari: watoto watachezea wapi? Na jumuiya yenye miche ya mwarobaini iilete Jumapili baada ya Misa ya pili, maana upande wa magharibi wa uwanja ule hauna kivuli hata kimoja.