Bambo moja halitoshi kwa uvimbe wa mapafu

Mnunuzi mzoefu wa nafaka hakubali shehena nzima kwa kuchoma bambo gunia moja. Anajua mahindi ya juu yanaweza kuwa safi na ya chini yameoza. Baadhi ya saratani za mapafu ziko hivyo: uvimbe ni mmoja, lakini ndani mna saratani za aina mbili.

Uvimbe huo ni nadra, ila unajulikana. Upo unaochanganya saratani ya seli ndogo na ile isiyo ya seli ndogo. Upo pia wenye adenokasinoma, yaani saratani ya seli za tezi, pamoja na saratani ya seli bapa. Huu hupewa jina lake pale tu kila aina inapofikia angalau asilimia 10 ya uvimbe. Sindano ikigusa upande mmoja, majibu hutaja aina moja, na sehemu ya ugonjwa huweza kubaki bila kutibiwa ipasavyo.

Kosa hilo hugharimu uhai. Saratani ya seli ndogo huenea upesi, na kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za kemikali na mionzi. Nyingine, zikigunduliwa mapema, mara nyingi huondolewa kwa upasuaji. Kwa hiyo uvimbe usiposikia dawa, kipimo kirudiwe.

Kwa wafanyabiashara wa mipakani, tatizo huanza mapema zaidi. Kikohozi cha muda mrefu hudhaniwa kuwa kifua kikuu, na anayelala leo Busia na kesho Kampala anaweza kupewa dawa kila upande bila hospitali moja kujua ya nyingine. Kikohozi kisichokwisha baada ya dawa kinadai picha ya kifua, na ikibidi, kipande cha nyama kisomwe kwa darubini.

Kipande hicho huhifadhiwa ndani ya nta, na mtaalamu wa pili anaweza kukikata tena na kukisoma upya. Anayevuka mpaka kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, au Taasisi ya Saratani ya Uganda, Kampala, asibebe karatasi ya majibu pekee. Aiombe na nta. Serikali za Jumuiya zilikwisha kukubaliana cheti chepesi cha uasili kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000. Zikubaliane pia njia nyepesi ya kuvusha nta ya mgonjwa.